Mkimbio wa Tatu

Mdogo wangu ameishi kwa kriketi miaka kumi na mitano. Watu wakisikia mtu analipwa kwa kucheza huona wivu palepale, utadhani analipwa kwa kulala. Hawajaviona vidole vyake viwili visivyonyooka, wala hawajasikia goti lake linavyolalamika akipanda ngazi. Na hawajui kwamba wenzake wamempa jina ambalo mimi, dada yake wa toka nitoke, sijawahi kulitamka mbele yake. Wanamwita Tisini.

Jina lina kisa chake. Mpigaji wa kriketi husimama uwanjani na gongo lake akikusanya mikimbio, yaani alama za kukimbia toka kigingi hadi kigingi, mpaka wapinzani wamtoe, na anayefikisha mia kwa zamu moja huandikwa. Huandikwa kwelikweli, kwa rangi ya dhahabu, kwenye ubao mrefu wa mbao ulio ukutani mwa ukumbi wa klabu, juu ya meza ya chai, ili hata fundi aliyekuja kuziba bomba asome. Mdogo wangu alivuka tisini mara sita. Mara ya kwanza, akiwa na tisini na saba, mpigaji mwenzake alimwita wakimbie, kisha akabadili mawazo na kumwacha katikati ya njia, akatolewa. Mara nyingine ilikuwa mvua. Mara nyingine mpira ulimvunja kidole akiwa na tisini na moja, akatoka akigombana na daktari njia nzima. Ile siku ya tisini na sita mwamuzi alisema mpira uliodakwa umegusa gongo, akamtoa, na kila mwenye masikio alijua ni kiatu. Zilizobaki sitaki hata kuzisimulia, zinanipandisha presha.

Nazijua kwa sababu niliziandika mimi. Kazi yangu ni kutunza kitabu cha klabu. Kila mpira unaorushwa nauandika: nani karusha, nani kapiga, wamekimbia mara ngapi. Chumba chetu kiko juu ya banda la mashine ya kukatia majani, ngazi za mbao kumi na moja, na hunuka petroli mwaka mzima. Kina dirisha pana lisilo na kioo, meza ndefu na viti viwili. Kimoja ni changu, kingine ni cha mtunza kitabu wa wageni. Chini yetu, kando ya uwanja, yuko mtu wa ubao, ambaye hutundika vibati vyenye namba kwa kadiri ninavyompigia kelele. Kwa hiyo kinachoonekana kwenye ubao wa uwanjani ni kitabu changu mimi, si cha mgeni.

Waamuzi husema nasi kwa mikono. Wana ishara nyingi, lakini hii moja ndiyo iliyoniharibia maisha, basi nitaieleza. Mwamuzi akiinua mguu na kugusa goti lake, maana yake mpira haukugusa gongo, uligonga mguu wa mpigaji, na mikimbio waliyokimbia ni ya timu. Mpigaji mwenyewe hapati kitu. Kisha mwamuzi hugeukia dirisha letu na kusubiri. Haruhusu mpira mwingine urushwe mpaka mmoja wetu ainue mkono kumwonyesha kwamba tumeona. Kwa miaka kumi na tisa nimeuinua mkono huo mara nyingi kuliko nilivyowasalimia majirani.

Nilianza zamani, kabla hata sijajua kwamba ni kazi. Tulipokuwa watoto yeye alicheza uani kwa ubao wa kitanda kilichovunjika, na mimi nilimwandikia kwa chaki ukutani. Alikuwa mbishi sijapata kuona. Kila jioni alidai nimemwibia mkimbio, na kila jioni nilimjibu neno moja: nimeandika. Alinuna, akapiga teke ndoo, lakini hakufuta hata mara moja. Mwishowe alizoea. Akawa hahesabu tena, anacheza tu, akimaliza anakuja kusoma ukutani.

Sasa, siku yenyewe. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, siku ya tatu na ya mwisho ya mechi hiyo. Jana yake mdogo wangu alimaliza jioni akiwa na thelathini na nane, hajatolewa, na asubuhi alitakiwa kuendelea. Nahodha wetu, kijana aliyezaliwa mdogo wangu akiwa tayari anaota ndevu, alitangaza mpango wake mbele ya watu wote wakiwa wanavaa viatu. Mawingu yalikuwa yanajikusanya. Alihitaji mchana wote ili wapinzani wapige na sisi tuwatoe. Kwa hiyo Tisini akifika mia, zamu inafungwa papo hapo. Asipofika mpaka saa ya chakula, inafungwa vilevile. Na zamu ya timu ikishafungwa haifunguliwi, hata kama aliyefunga atapiga magoti.

Mimi sikumlaumu Nahodha. Nilijua tu kwamba mdogo wangu amekalia kuti kavu. Msimu mzima kamati ilikuwa ikipita kando yake kwa salamu fupifupi, na mtu wa kazi hii akianza kusalimiwa kwa ufupi ajue yanayokuja. Kama kuna mia aliyobakiwa nayo mwilini, ilikuwa itoke asubuhi hiyo. Nilipanda ngazi kumi na moja nikafungua kitabu kabla ya wakati.

Mwenzangu wa siku hiyo alikuwa mzee mmoja mfamasia mstaafu, mtunza kitabu wa wageni kwa miaka mingi. Huandika kwa kalamu nne za rangi nne, na huzipanga mezani kama anawagawia wagonjwa. Nilimpenda kwa sababu hakuwa na maneno. Kila baada ya mipira sita, yaani ova moja, tunalinganisha: yeye anasema jumla ya timu, mimi naitikia, tunaendelea. Alama za mpigaji mmoja mmoja hatulinganishi hapohapo, maana muda hautoshi. Hizo husubiri mapumziko. Ndivyo tunavyofanya kazi, na ndivyo wanavyofanya wote ninaowajua.

Na mdogo wangu alicheza, jamani. Sijui alilala juu ya nini usiku ule. Mipira aliyokuwa akiiogopa tangu goti liharibike aliitandika bila hofu. Alipofika sabini nilikuwa nimekaa kwenye ncha ya kiti. Alipofika sabini na nne mlango ukafunguliwa.

Kwenye mlango ule nimebandika karatasi, kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa za wino mwekundu, kwamba mtu asiongee na watunza kitabu mpira ukichezwa. Aliyeingia alikuwa Katibu wa klabu, ambaye ndiye aliyeniletea wino huo. Katibu wetu ni hodari wa hotuba za pongezi. Habari mbaya humkausha mate, akatafuta mwingine wa kuzibeba.

Aliniomba dakika moja. Nikamwambia, bila kugeuka, asubiri ova iishe, imebaki mipira miwili. Hakusubiri.

"Kamati ilikaa wiki iliyopita," alisema. "Ndugu yako haendelei msimu ujao. Tumeona ni vizuri aambiwe na mtu wa nyumbani."

Niligeuka. Hilo ndilo kosa langu, na sitamsingizia mtu. Niligeuka kumtazama, nikamwona anachezea funguo zake, na nikahisi hasira imenipanda mpaka kwenye meno. Kumi na mitano! Vidole viwili, goti moja, na hamna hata mwanaume mmoja katika kamati nzima wa kusimama mbele yake na kumwambia. Nje nikasikia mpira, nikasikia watu wakikimbia, nikatupa jicho dirishani. Mwamuzi alikuwa ametuelekea anasubiri. Nikainua mkono. Mkono ulijua kazi yake, ulipanda wenyewe. Kisha nikaandika moja, nikampigia kelele mtu wa ubao, nikamgeukia tena Katibu na kumwambia atoke.

Mfamasia hakugeuza kichwa, macho yake yalikuwa uwanjani. Alikuwa amejifanya kiziwi kwa adabu zake zote. Ova ilipokwisha alisema jumla, mia moja na tisini na mbili, nami nikaitikia mia moja na tisini na mbili. Zilikubaliana. Kwa nini zisikubaliane? Ukiuandika mkimbio kwa mpigaji au ukiuandika kwa timu, jumla ni ileile.

Kuanzia hapo sikuwaza kingine. Nilijiambia: nitamwambia, lakini baada ya mia. Akishaandikwa kwenye ubao wa dhahabu, kamati iende zake na funguo zake. Nilikuwa naandika na kuomba kwa wakati mmoja, kila mkimbio na dua yake. Themanini. Themanini na sita, kwa nne ya mpira uliofika mpakani, uliopita katikati ya watu wawili walioangaliana. Tisini. Uwanja wote ukanyamaza, maana hata wachuuzi walijua jina lake la utani na walijua kinachotokea hapo. Tisini na nne. Alipofika tisini na nane zilikuwa zimebaki dakika sita saa ya chakula ifike, na kalamu ilikuwa ikiteleza mkononi kwa jasho.

Mrushaji akaja. Mdogo wangu aliuelekeza mpira pembeni, mahali pasipo na mtu, wakaanza kukimbia. Wa kwanza. Wa pili. Mwenzake, mrefu mmoja ambaye kazi yake hasa ni kurusha, alikuwa ameshageuka kwa ajili ya wa tatu, maana anayeufuata mpira alikuwa bado ameinama huko mbali. Nilimsikia akipaza sauti: "Wa tatu upo!" Lakini mdogo wangu alikuwa amesimama. Alikuwa anatazama ubao. Nikampigia kelele mtu wa ubao, vibati vikabadilishwa, mia, na mdogo wangu akainua gongo juu kwa mikono miwili.

Nililia. Tone moja liliangukia ukurasa, likachafua jina la mrushaji wao. Nahodha alikuwa ameshatoka nje ya ukumbi, anawaita kwa mkono waingie, zamu imefungwa. Watu walisimama. Wapinzani wenyewe walikuja kumpa mkono mmoja mmoja. Chini ya sakafu yetu nilimsikia Katibu, yuleyule, akiongea kwenye simu na fundi wa kuandika mabango, akimwambia aje leoleo na rangi ya dhahabu. Na kutoka chumba cha kubadilishia nguo wakaanza kuimba huku wakipiga makabati: Mia! Mia! Mia! Miaka yote ile, na kumbe jina la utani linaweza kubadilishwa kwa dakika mbili.

Nilipofuta uso na kugeuka, Mfamasia alikuwa bado anahesabu. Kidole chake kilikuwa kikishuka kwenye safu, kinafika chini, kinarudi juu.

"Mama," aliniambia polepole, "mimi nina tisini na tisa."

Nilimwambia ahesabu tena. Akasema amehesabu mara tatu, alikuwa anadhani kosa ni lake. Tukaweka vitabu sambamba. Jumla ya timu, sawa. Mikimbio ya mguu: yeye sita, mimi tano. Tukarudi nyuma, ova kwa ova, kidole changu na kidole chake, mpaka tukafika kwenye ile mia moja na tisini na mbili. Kwake kulikuwa na alama ndogo ya kijani, rangi yake ya mikimbio ya mguu. Kwangu kulikuwa na moja, safi kabisa, chini ya jina la mdogo wangu.

Nikajaribu kukumbuka mwamuzi alionyesha nini. Sikukumbuka. Nilikumbuka funguo za Katibu tu, hata kibandiko chekundu kilichokuwa kwenye mojawapo.

Mfamasia alifunika kalamu zake moja moja. Najua alikuwa anatafuta namna ya kusema, maana si mtu wa kusema.

"Nimepima dawa miaka arobaini," alisema. "Dawa ukizidisha kidogo, mtu anakufa. Hapa sioni atakayekufa. Nenda ukamuulize mwenyewe. Mpigaji hujua mpira umegusa nini. Akisema gongo, nabadilisha changu, na waamuzi wale chakula chao kwa amani."

Nisidanganye. Nilitaka. Mimi niliyemnyima mtoto wa miaka saba mkimbio wa chaki, nilishuka ngazi zile nikiwa nimeshaamua kumpa huu. Nilikuwa nahitaji neno moja tu kutoka kwake ili nisijione mwizi. Gongo. Basi. Watu husema neno hilo mara mia kwa siku kwenye uwanja ule.

Nilimkuta ameketi peke yake kwenye chumba cha kufungia majeraha, amenyoosha mguu juu ya benchi, barafu kwenye goti. Wenzake walikuwa wamekwenda kula na kelele zao zilikuwa zinakuja kupitia ukuta. Alikuwa bado amevaa kinga ya mguu mmoja. Aliponiona alicheka, kicheko ambacho sijakiona tangu tulipokuwa uani, na akaniuliza kama nimeandika vizuri, isije ikawa nimemwibia.

Nilishindwa kucheka. Nilimwuliza kuhusu ule mpira, nikamweleza ova, nikamweleza mrushaji. Mpira uligusa nini?

Kicheko kikaisha. Alitazama mguu wake, kisha akanitazama mimi.

"Nisikilize kwanza kabla hujajibu," nilisema haraka. "Ukisema gongo, naandika gongo. Yule mzee amekubali. Hakuna mtu mwingine anayejua. Sema gongo, mdogo wangu. Neno moja."

Alisogeza barafu gotini. Upande wa pili wa ukuta waliangua kicheko kuhusu jambo lao.

"Mguu," alisema.

Nilimkasirikia. Badala ya kumwomba msamaha, nilimkasirikia yeye. Nikamwambia ana kichwa kigumu, tangu utotoni ana kichwa kigumu, na mwenye haki hapewi cheti hapa. Nikamwambia wale walioandikwa kwenye ule ubao si malaika, nusu yao waligusa mpira ukadakwa, wakakaa kimya mpaka mwamuzi akachoka. Aliniacha nimalize. Aliondoa barafu gotini akaiweka sakafuni kwa uangalifu, asimwage maji.

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema. Kama alijua ni mguu, alijua hana tisini na nane pale. Alikuwa na tisini na saba. Kwa nini alisimama kwenye wa pili wakati mwenzake alikuwa anamwita?

"Uliinua mkono," alisema. "Mwamuzi aligusa goti, nikatazama dirisha lenu, nikakuona umeinua mkono. Nikajua umeona. Kichwani nilikuwa na tisini na saba, Dada. Ubao ukasema tisini na nane. Nikasema basi, nimekosea mimi mahali. Wewe hukosei."

Nilisimama pale na kalamu yangu sikioni.

"Wa tatu ulikuwepo," alisema tena, si kwa kunilaumu, alikuwa kama anayeuona. "Ningetembea nikaufikia."

Hapo ndipo nilipoamua kumaliza yote kwa mkupuo mmoja, maana sikuona namna ya kuwa na siku mbaya kuliko hiyo. Nikamweleza kwa nini sikuona. Nikamweleza Katibu alivyoingia, na nikamweleza alichokuja kusema, kwamba msimu ujao haupo.

Aliinama akaanza kufungua kamba za ile kinga iliyobaki. Alisema anajua. Jumatatu fundi wa sare alikuja kupima watu kwa ajili ya msimu ujao. Alipima wote waliokuwa kwenye foleni, alipofika kwake akakunja futi yake, akasema ataendelea na wengine kesho. Mdogo wangu alielewa palepale. Hakutaka kuniambia mimi kabla ya mechi, alisema, asije akanichanganya nikiwa kwenye kitabu.

Niliketi kwenye benchi. Habari iliyomgharimu mia ilikuwa habari aliyokuwa nayo tangu Jumatatu. Katibu alipanda ngazi zangu kumi na moja kuleta kitu ambacho mdogo wangu alikuwa nacho tayari mfukoni. Nilitamani kumfuata Katibu huko mezani nimmwagie sahani kichwani. Nilitamani pia kuukata mkono wangu, ule wa kuinua. Mwisho nilimwambia mdogo wangu samahani, na likasikika dogo. Alinishika bega tu alipokuwa anainuka, kwa sababu goti lilihitaji pa kuegemea.

Kitabu chetu hakifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja mwembamba juu ya kosa, ili kila atakayesoma alione, unaandika lililo sawa pembeni, na watunza kitabu wote wawili wanaweka saini mbele ya mwamuzi. Mwamuzi alikuja akiwa bado anatafuna. Alisema anakumbuka vizuri. Aligusa goti, nami nikamwinulia mkono. Hakuwa na ubaya, alisema tu kilichotokea. Nilipiga mstari, nikatia saini, na Mfamasia akatia yake kwa kalamu nyeusi, hakutumia ya kijani. Nahodha alipoambiwa alishika kichwa. Akasema kama angejua angesubiri mpira mmoja, na namwamini. Alirudia mara mbili tatu, mpira mmoja tu, mpaka nikamwomba aache.

Saa ya chakula ilipokwisha mtu wa ubao alikwenda mwenyewe, bila mimi kumpigia kelele, akatoa vibati vya mia na kutundika tisa mbili. Watu waliokuwa wanarudi kwenye viti vyao waliona, wakasimama kidogo, wakaulizana. Mmoja alicheka. Fundi wa mabango alikuwa ameshafika na kikopo chake, ameketi kwenye ngazi za ukumbi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aende.

Tukaanza upya, wapinzani sasa wakipiga na sisi tukirusha. Mdogo wangu alipelekwa kusimama mbali, mpakani kabisa, mahali wanapowekwa wenye magoti mabovu. Katika ova ya pili Nahodha alitaka kumsogeza. Alipaza sauti kwa mazoea tu, sidhani hata alijisikia.

"Tisini, rudi nyuma kidogo!"

Akarudi nyuma kidogo.

Mpira uliofuata uligonga mguu wa mpigaji wao, wakakimbia mara moja. Mwamuzi akainua mguu, akagusa goti, akatugeukia na kusubiri. Nilitazama goti lake. Nilitazama mkono wake juu ya goti. Niliandika kwanza, mahali pake, chini ya mikimbio ya mguu, nikasoma nilichoandika, ndipo nikainua mkono. Kule mpakani mdogo wangu alikuwa amegeuka analitazama dirisha letu, mikono kiunoni, kama alivyolitazama asubuhi. Nilijua anatazama kwa mazoea ya tangu uani, kuona kama nimeandika. Niliushikilia mkono juu mpaka mrushaji akaanza kuja, na sikuweza kumtazama usoni.